Ushindi 136 wa Makocha Kumi na Wanne, na 136 wa Kocha Mmoja: Kisa cha Kansas State

Jumamosi ya tarehe 30 Septemba 1989, mjini Manhattan (Manhattan ya jimbo la Kansas, mji wa chuo katikati ya nyanda za malisho, si ile ya New York), timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu cha Kansas State ilikuwa nyuma kwa 17-14 na saa inayoyoma. Kwotabeki wao (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), Carl Straw, akarusha mpira. Frank Hernandez akaudaka ndani ya eneo la kufungia, na muda ukakata palepale. 20-17.

Waliofungwa siku hiyo ni North Texas, timu ya daraja la chini yao. Hakukuwa na kombe mezani. Lakini Kansas State walikuwa wamecheza mechi 30 mfululizo bila ushindi hata mmoja: vipigo 29 na sare 1. Mwanafunzi aliyejiunga na chuo kile mwanzoni mwa 1987 alikuwa hajapata kuiona timu yake ikishinda.

Kisa hiki kimenishika kwa sababu ya namba moja. Kuanzia msimu wa 1935 hadi wa 1988, yaani misimu 54, Kansas State ilishinda mechi 136. Makocha wakuu kumi na wanne walipita pale, ukihesabu na wa muda. Kisha akaja Bill Snyder, akakaa tangu 1989 hadi 2005, misimu 17, na alipoondoka alikuwa ameshinda mechi 136. Haikuzidi wala haikupungua. Ukiwauliza Wamarekani wanaoujua mchezo huo, wengi watakutolea namba hiyo kama ushahidi kwamba mtu mmoja anaweza kufufua maiti.

Namba ni ya kweli. Ila ukiiacha ilivyo inakudanganya kidogo, na ukiifungua inakufundisha zaidi ya muujiza.

Tuanze na udanganyifu wake mdogo. Miaka ya 1930 na 1940 timu ilicheza mara nyingi mechi 8 hadi 10 kwa msimu. Snyder alicheza 11 au zaidi, na mwaka mmoja 15. Kwa hiyo kulinganisha misimu kwa misimu ni kumpunja mzee wa zamani. Linganisha mechi kwa mechi: waliomtangulia Snyder walishinda takriban moja katika kila mechi nne, yeye alishinda mbili katika kila tatu. Tofauti bado ni kubwa mno, lakini sasa tunaongea lugha moja.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu haumpitii mara kwa mara, mambo mawili yanatosha. La kwanza, mchezaji wa chuo ana miaka minne tu ya kucheza, kwa hiyo kikosi kinabadilika chenyewe kila mwaka hata kama hutaki. La pili, na hili ndilo lenye uzito hapa: ligi inapanga sehemu ya ratiba tu. Mechi tatu au nne za mwanzo wa msimu chuo kinajitafutia mpinzani chenyewe, na matokeo yake yanaingia kwenye rekodi sawasawa na mengine. Ni kama vile mechi za kirafiki ambazo Simba na Yanga hucheza kabla ya ligi zingehesabiwa kwenye msimamo. Hapo ungeona viongozi wakianza kuchagua wa kucheza naye kwa umakini mkubwa sana.

Aliyeshinda aliondoka

Ukiipitia orodha ya makocha wa Kansas State kabla ya 1989, jambo linalojitokeza si kwamba wote walikuwa wabovu. Ni kwamba hakuna aliyedumu kwa sababu ya kushinda.

Mwaka 1934 kocha Lynn Waldorf, aliyeitwa Pappy, aliipa timu ubingwa wa ligi ya Big Six. Ulikuwa msimu wake wa kwanza pale, na ukawa wa mwisho: Northwestern wakamchukua. Ubingwa mwingine wa ligi haukuja tena hadi 2003. Miaka 69. Bill Meek aliikuta timu mwaka 1951 ikiwa hoi, akaifikisha ushindi 6 mwaka 1953 na 7 mwaka 1954, kisha akaenda Houston. Kati ya hao wawili kuna kipindi cha vita na baada ya vita ambacho hata kukisoma kunachosha: kati ya 1940 na 1948 timu ilibadilisha kocha mara sita, na kati ya 1945 na 1948 ilifungwa mechi 28 mfululizo.

Walioachwa wakae muda mrefu ndio waliokuwa wakishindwa. Doug Weaver alipewa misimu saba, 1960 hadi 1966, akashinda 8, akafungwa 60, akatoka sare 1. Vince Gibson aliyemfuata alileta uhai. Mwaka 1969, akiwa na kwotabeki Lynn Dickey, aliichapa Oklahoma 59-21, matokeo ambayo hata leo ukiyasoma unarudia mara mbili kuhakikisha hayajageuzwa. Hata hivyo katika miaka yake minane alipata msimu mmoja tu wenye ushindi mwingi kuliko vipigo.

Jim Dickey naye anastahili sentensi zake. Msimu wa 1981 aliwapumzisha kwa makusudi wachezaji kadhaa wa mwaka wa mwisho. Kanuni zinaruhusu mchezaji akae nje mwaka mmoja bila kupoteza haki yake ya kucheza. Akautoa kafara msimu ule ili 1982 awe na kikosi cha watu wazima. Ikafanya kazi: timu ikaalikwa Independence Bowl, mechi ya heshima ya mwisho wa msimu, ya kwanza katika historia yao. Wakafungwa na Wisconsin 14-3. Lakini huwezi kukopa mwaka kesho na kesho kutwa. Miaka mitatu baadaye Dickey aliondoka baada ya mechi mbili za msimu, na Stan Parrish aliyepewa timu 1986 akamaliza na ushindi 2, vipigo 30 na sare 1.

Hapo ndipo Kansas State walipokuwa chuo cha kwanza cha daraja la juu kufikisha vipigo 500. Sports Illustrated waliandika habari ndefu mwaka 1989 kuwatangaza kuwa timu mbovu kuliko zote Marekani.

Mtu wa mlo mmoja

Rais wa chuo, Jon Wefald, na mkurugenzi wa michezo, Steve Miller, walimfuata Snyder kule Iowa, ambako alikuwa msaidizi wa Hayden Fry akisimamia mashambulizi. Alikuwa na umri wa miaka 49 na hajawahi kuwa kocha mkuu wa chuo chochote cha daraja hilo. Si jina la kuvutia waandishi.

Mengi yamesemwa kuhusu tabia zake na sehemu yake ni ya kweli kabisa: alikula mlo mmoja kwa siku, usiku akimaliza kazi, aliandika barua kwa mkono, kwa wino wa zambarau, hata kwa wachezaji wa timu pinzani walioumia au waliocheza vizuri, aliwapa vijana malengo 16 ya kuyashika, na katika yote hakuna linalotaja kombe. Kujituma, kutokuwa mchoyo, umoja, kuboreka, na kuendelea. Watu hupenda sana kusimulia hayo. Mimi nadhani yanaeleza kwa nini vijana walimheshimu, hayaelezi kwa nini walishinda. Makocha wenye nidhamu ya kitawa wamejaa na wanafukuzwa kila mwaka.

Tazama kwanza mwendo wa namba zake za mwanzo: ushindi 1, kisha 5, kisha 7, kisha 5 tena, kisha 9. Macho yangu hukaa kwenye ile 5 ya pili, ya 1992. Timu iliyokuwa imeanza kuonja ushindi ikarudi nyuma, vipigo 6. Chuo chenye historia ile, chenye mazoea ya kubadilisha makocha, kingeweza kusema majaribio yameshindikana. Hawakusema. Mwaka uliofuata alishinda 9, akafungwa 2 na kutoka sare na Colorado 16-16. Sare hiyo ndiyo 1 inayoonekana mwishoni mwa rekodi yake ya maisha, maana tangu 1996 mechi za vyuo haziishi sare tena. Msimu huo ukafungwa kwa kuichapa Wyoming 52-17 kwenye Copper Bowl, ushindi wao wa kwanza kabisa wa mechi za namna hiyo. Timu iliyokuwa imealikwa mara moja tu katika historia yake yote ikaalikwa miaka 11 mfululizo, 1993 hadi 2003.

Sasa, alifanyaje? Kansas haina vijana wengi wa kiwango cha juu, na waliopo hupiganiwa na Nebraska, Oklahoma na Texas. Snyder aliingia sokoni mahali wakubwa wasipotazama. Alichukua wachezaji kutoka vyuo vya miaka miwili, ambao wakubwa waliwaona kama mali iliyopita muda kwa sababu wamebakiza misimu miwili tu. Michael Bishop, kwotabeki wake wa 1997 na 1998, alitoka Blinn, chuo cha namna hiyo kule Texas. Alichukua wafupi: Darren Sproles wa Olathe, Kansas, ana futi 5 na inchi 6, kimo ambacho maskauti walikiona kabla ya kuiona miguu. Alichukua watoto wa wakulima waliokuja kujaribu bahati bila ufadhili wa masomo. Jordy Nelson, aliyekuja kuwa nyota wa ligi ya kulipwa, alikulia jirani tu na chuo na akaingia kwa mlango huo. Na mpigaji wake wa mateke, Martin Gramatica, alizaliwa Buenos Aires na alikuwa na mguu wa soka: Septemba 1998 alipiga teke la yadi 65 dhidi ya Northern Illinois. Yadi 65 ni kama mita 59. Jaribu kuupeleka mpira wa umbo la yai umbali huo, katikati ya milingoti miwili.

Na alichagua wapinzani. Hili ndilo wakosoaji wake walilomshikia miaka yote. Angalia mechi tatu walizojitafutia wenyewe msimu wa 1998: Indiana State 66-0, Northern Illinois 73-7, Northeast Louisiana 62-7. Jumla 201 kwa 14. Ukizitoa hizo, timu ile bado ilikuwa kali: iliipiga Texas 48-7, Kansas 54-6, Baylor 49-6. Lakini katika pointi 610 walizofunga msimu mzima, karibu theluthi moja ilitoka kwa watu watatu walioalikwa kuja kupigwa.

Je, huo ni ujanja ujanja? Kwa timu iliyokuwa imefungwa mechi 29 katika 30, naona ni busara. Kijana wa miaka kumi na tisa hajifunzi kushinda kwa kupoteza 56-10 mbele ya mashabiki wa wenzake. Tatizo la Snyder halikuwa kuanza na wepesi. Tatizo ni kwamba aliendelea nao hata alipokuwa hahitaji, na bili ikaja kulipwa siku moja ya Desemba.

St. Louis, 5 Desemba 1998

Kansas State waliingia kwenye fainali ya ligi yao ya wakati huo, Big 12, bila kufungwa, mechi 11 kwa 11. Wiki tatu nyuma walikuwa wameifunga Nebraska 40-30, baada ya kupoteza mbele yao mara 29 mfululizo tangu 1969. Kura ya makocha ilikuwa imewaweka namba moja nchini. Mpinzani alikuwa Texas A&M.

Robo ya nne ilianza wakiongoza 27-12. Katikati ya robo hiyo zikafika habari uwanjani kwamba UCLA, ambao nao walikuwa hawajafungwa, wamefungwa na Miami 49-45. Maana yake ilikuwa rahisi na kila mtu ukumbini aliijua: maliza mechi hii, mnacheza fainali ya taifa. Mashabiki wa zambarau, rangi ya Kansas State, wakalipuka kwa shangwe huku saa bado inatembea.

Texas A&M wakafunga, 27-19. Kisha, zikiwa zimebaki dakika mbili na ushei, Bishop aliyekuwa akikimbia kutafuta yadi za kumalizia kazi akaponyokwa na mpira, A&M wakauokota. Zikiwa zimebaki sekunde 65, Sirr Parker akafunga, na A&M wakaongeza pointi mbili za ziada. 27-27. Bishop akarusha mpira mrefu wa mwisho, ukadakwa, na mdakaji akaangushwa hatua mbili tatu kabla ya mstari. Muda wa nyongeza. Mateke ya pointi tatu kwa tatu. Nyongeza ya pili, Kansas State wakaongoza 33-30, na A&M wakajikuta kwenye jaribio la tatu kati ya manne wakihitaji yadi 17, hali ambayo timu nyingi huridhika kujaribu teke tu. Pasi fupi ya kukata ndani, kwa Parker tena. Akaudaka, akageuka, akakimbia kuelekea kona ya uwanja, yadi 32. 36-33.

Kufungwa katika muda wa nyongeza wa pili ni mchezo, yanatokea. Kilichofuata ndicho kinachofanya mechi hii iwe ya kuchambuliwa. Kwenye orodha ya mwisho ya BCS, mfumo wa kupanga timu na kupata mbili za fainali ya taifa, uliokuwa katika mwaka wake wa kwanza, Kansas State walikuwa wa tatu nchini. Mechi kubwa zikawapita zote. Wenye mialiko wakachagua timu zenye majina na mashabiki wengi zaidi, zikiwemo zilizokuwa chini yao. Wakaangukia Alamo Bowl, wakafungwa na Purdue ya Drew Brees 37-34. Baadaye kanuni ikabadilishwa ili timu ya tatu isiachwe tena, na watu wakaiita kanuni ya Kansas State.

Mashabiki wao hadi leo wanaona walidhulumiwa, na kwa hesabu wana haki. Lakini mwaliko haukuwa mtihani wa hesabu. Mwenye tiketi za kuuza alikuwa akijiuliza: hawa wamempiga nani? Jibu, mbali na Nebraska, lilikuwa pamoja na Indiana State na Northeast Louisiana. Ratiba iliyoijenga timu kwa miaka tisa ndiyo iliyoifungia mlango mwaka wa kumi.

Waliobeba maarifa mlangoni

Kuna takwimu nyingine ambayo haimo kwenye jedwali la ushindi na vipigo, nayo ni wasaidizi. Bob Stoops alikuwa na Snyder hadi 1995, kisha Florida. Jim Leavitt aliondoka kwenda kuianzisha timu ya South Florida kutoka sifuri. Halafu Stoops akapewa Oklahoma, na mwaka 1999 akaja kuwachukua watatu kwa mkupuo kutoka Manhattan: mdogo wake Mike Stoops, Brent Venables na Mark Mangino. Baadaye wakaondoka Phil Bennett na Bret Bielema. Venables leo ni kocha mkuu wa Oklahoma. Mangino aliipa Kansas, mahasimu wa jirani, msimu wa ushindi 12 na kipigo 1 mwaka 2007.

Matokeo yake yalikuwa ya kikatili. Kuanzia 1993 hadi 1997 Snyder alikuwa ameifunga Oklahoma mara tano mfululizo. Mwaka 2000, Oklahoma iliyokuwa ikiendeshwa na watu aliowafundisha mwenyewe ilimfunga mara mbili katika msimu mmoja, 41-31 na kisha 27-24 kwenye fainali ya ligi, ikaenda kuchukua ubingwa wa taifa.

Angalia lakini rekodi zake za miaka hiyo: 11-1, 11-2, 11-1, 11-3 tangu 1997 hadi 2000. Ushindi 44, vipigo 7. Mtu anayesoma jedwali pekee atasema kuondoka kwa wasaidizi hakukumgusa. Mimi naona jedwali linachelewa kusema. Wachezaji walioletwa na kufundishwa na kocha msaidizi wanabaki miaka miwili, mitatu baada yake. Nguvu yake inaisha pale wanapohitimu. Mwaka 2001 alishuka hadi 6-6. Akapanda tena, 11-2 mwaka 2002, kisha 2003 ukaja usiku wa kisasi: Oklahoma namba moja, hawajafungwa, wakapigwa 35-7 mjini Kansas City, Sproles akikimbia yadi 235. Ubingwa wa ligi wa kwanza tangu Pappy Waldorf. Mwaka uliofuata Sproles bado yupo, kocha ni yuleyule, barua za zambarau ni zilezile: ushindi 4, vipigo 7. Mwaka uliofuata huo, 5 na 6. Novemba 2005 akastaafu, na uwanja ukapewa jina la familia yake.

Hapo ndipo ile 136 ilipofungwa. Miaka yake miwili ya mwisho inasema kuwa hata Snyder bila watu wa Snyder alikuwa kocha wa kawaida.

Jaribio ambalo hakuna mtafiti angelipanga

Ni nadra historia kukupa jaribio safi namna hii: mwondoe mtu, subiri miaka mitatu, mrudishe.

Ron Prince aliongoza 2006 hadi 2008. Ushindi 17, vipigo 20. Alikuwa na siku zake, ikiwemo kuifunga Texas 45-42 mwaka wake wa kwanza, na mpokeaji wake bora alikuwa yule Jordy Nelson, mtoto wa jirani aliyeingia enzi za Snyder, ambaye mwaka 2007 alidaka pasi 122. Prince akaondolewa, na chuo kikamrudisha mzee wa miaka 69.

Misimu kumi iliyofuata: ushindi 79, vipigo 49. Asilimia yake ilishuka kidogo kutoka ile ya kwanza, lakini kwangu kipindi hiki ni kigumu zaidi. Ligi ilikuwa imejaa timu zinazorusha mpira bila kupumua. Yeye akaenda kinyume. Alimpa mpira Collin Klein, kwotabeki mwenye mikono ya kawaida na mwili wa kubeba magunia, akamwambia akimbie. Taratibu, yadi nne, yadi tano, saa ikiyeyuka. Mwaka 2012 waliifunga Oklahoma ugenini 24-19, wakafikisha 10-0, wakawa namba moja kwenye orodha ya BCS, kabla ya kwenda Baylor na kuchapwa 52-24. Klein alimaliza wa tatu kwenye tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, na ubingwa wa ligi wakagawana na Oklahoma. Snyder aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa mchezo huo mwaka 2015 akiwa bado kazini, na akaondoka kabisa Desemba 2018 akiwa na miaka 79. Jumla: 215-117-1.

Kwa hiyo jaribio linajibu nini? Kwamba mtu alikuwa na maana, bila shaka. Lakini kilichorudi 2009 kilikuwa pia mbinu: wachezaji wa vyuo vya miaka miwili, wafupi, wasio na ufadhili, ratiba ya mwanzo isiyoumiza, na chuo ambacho kimejifunza kumvumilia kocha akishinda mechi 5. Kipimo cha kweli kilikuwa bado kinasubiri: mtu mwingine kabisa, asiye na jina Snyder.

Walimleta Chris Klieman, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa taifa wa daraja la pili mara nne na North Dakota State. Msimu wake wa pili ulikuwa ushindi 4, vipigo 6, na hakuna aliyemgusa. Tarehe 3 Desemba 2022, huko Arlington, Texas, alicheza fainali ya Big 12 dhidi ya TCU ambao hawakuwa wamefungwa mechi 12. Muda wa nyongeza tena, kama St. Louis. TCU wakafika yadi moja tu kutoka mstarini, jaribio la nne, wakamkabidhi mpira mkimbiaji wao apenye katikati. Ukuta wa zambarau haukusogea. Kisha Ty Zentner akapiga teke la yadi 31, na ikawa 31-28.

Mkimbiaji tegemeo wa Kansas State siku ile alikuwa Deuce Vaughn, futi 5 na inchi 6. Aliyekuwa akipanga mashambulizi yao ni Collin Klein.